Sauti Nne za Mwalimu Sikujua

Wako watu wanaoficha chakula wageni wakibisha hodi, na wako wanaoficha chupa uvunguni. Mwalimu Sikujua alikuwa anaficha nyimbo. Alikuwa nazo sanduku zima la bati, kufuli mbele, ufunguo kaufungia kwenye pindo la kanga, na ukimuuliza mna nini humo atakujibu mna karatasi za kazi. Karatasi za kazi! Zilikuwa nota, kurasa kwa kurasa, nyingine za mistari mitano kama wanavyoandika Wazungu, nyingine za do-re-mi alizozigeuza mwenyewe kwa kalamu ya wino, ili mtoto wa Kisukuma asiyewahi kuona kinanda naye aziimbe.

Tusimwonee. Nota zile alizipata kwa jasho. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulipofungwa, miaka ya sitini, mumewe Bartholomeo alikuwa fundi mitambo huko, na yeye akifundisha shule ya watoto wa wafanyakazi. Wakubwa wa mgodi walipofungasha, vitu vya klabu yao vilitupwa nje vichomwe moto: viti vilivyovunjika, magazeti, na rundo la nota zilizoanza kuliwa na mchwa. Sikujua alikuwa na mimba kubwa ya mwanawe Athanas. Alirudi jalalani mara kwa mara akabeba alichoweza, huku wanawake wenzake wakimcheka kwamba mwenzao anaokota makaratasi wakati wao wanagombania mapazia. Familia ilipohamia Shinyanga na kupanga nyumba Ngokolo, mapazia ya wale wenzake yalikuwa yameshachakaa. Nota zilikuwa sandukuni, zimepangwa.

Kwa nini azifiche sasa? Hapo lazima nimtaje mama yake, Mageni wa Usanda, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Mageni alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kundi la ngoma la Wagalu. Ngoma za Usukuma baada ya mavuno mnazijua: Wagalu upande huu, Wagika upande ule, wote wanaimba wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayewavuta watazamaji wote waje kwake wamwache mwenzake anaimbia vumbi. Mwaka mmoja Mageni alitunga wimbo ambao, yeye mwenyewe alisema, ungemwamsha maiti. Kwa furaha akamwimbia shoga yake. Siku ya mashindano, kabla hajafungua kinywa, akausikia wimbo wake unatoka upande wa Wagika, shoga yake yuko mbele na usinga mkononi. Watu wakakimbilia kule. Mageni alisimama peke yake uwanjani na tangu siku hiyo hakuimba tena, hata kumbembeleza mtoto.

"Wimbo ukilazimika kuutoa, toa vipande," alimwambia binti yake. "Mtu akiupata mzima, wewe umebaki nani?"

Basi Sikujua alikua na neno hilo kifuani. Kwaya ya shule yake, iliyokuwa upande wa relini, aliijenga mwenyewe. Mwanafunzi akitaka nota alipewa kwa kipindi kimoja, akimaliza anarudisha mkononi kwa mwalimu, asikunje, asinakili. Kwaya ilisifiwa mji mzima. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Ignas, alimwita nguzo ya shule. Sikujua aliishi kwa neno hilo miaka kadhaa kama mtu anavyoishi kwa mshahara.

Halafu akaja Khatija.

Khatija alikuwa binti wa Firoz mwenye duka la vitambaa barabara ya sokoni. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu na mwaka wake wa kujenga taifa, kabadilishwa rangi na jua la kambini, ana Kiswahili kilichonyooka na Kisukuma cha kuokoteza kilichowafanya watoto wacheke mpaka washike mbavu. Alikuja na kinanda chake cha kupepea, kile cha sanduku ambacho mkono mmoja unasukuma upepo na mwingine unabonyeza. Siku ya kwanza alipokifungua chini ya dirisha la darasa la sita, watoto walimzunguka kama kuku waliorushiwa mtama. Sikujua alikuwa anapita na chaki mkononi. Alisimama kidogo, akaendelea na safari yake, na chaki ikavunjika vidoleni.

Wivu, jamani, ukikushika unakufanya mtaalamu wa mambo madogo. Sikujua alijua ni watoto gani walimbebea Khatija kikapu. Alijua nani alimwamkia Khatija kwanza na yeye baadaye. Alipomsikia Mwasiti, msichana mwenye sauti kuliko wote kwayani, akiimba njiani wimbo aliofundishwa na Khatija, alikosa hamu ya kula. Bartholomeo akamuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba wali una mawe. Wali haukuwa na mawe. Lililomuudhi zaidi ni kwamba yule binti hakuwa na ubaya hata wa kumshikia. Angekuwa na dharau, Sikujua angepata pa kuanzia. Lakini kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo Mama Athanas," kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, na ingebidi umwitikie marahaba hata kama roho inatapika.

Balaa lilikuja kwenye kikao cha walimu. Khatija alinyoosha mkono akasema kwamba shule za vijijini, Tinde, Samuye, Usanda, Old Shinyanga, zina watoto wanaoimba vizuri ila hazina nota. Hapa shuleni zipo. Kwa nini isianzishwe maktaba ya nota, shule zikaazima na kurudisha? Baba yake angetoa kabati na bahasha za kaki. Na wala hakuna haja ya makaratasi mengi ya kuandikishana: wanafunzi wa useremala wachonge vibao vidogo, kila shule na jina lake. Kila bahasha itaning'inia kwenye msumari wake. Anayechukua bahasha anaacha kibao chake pale pale. Ukifungua kabati unaona kwa jicho moja wimbo gani uko wapi.

Mwalimu Ignas aligonga meza kwa furaha, akasema kizuri kula na ndugu yako, na macho ya walimu wote yakamgeukia Sikujua na kanga yake yenye ufunguo. Angefanyaje? Akatae mbele ya watu, aonekane ana roho mbaya? Alicheka kicheko cha mdomoni akasema ni wazo zuri sana la mwanangu.

Sanduku lilifunguliwa. Khatija alizipokea zile nota kwa mikono miwili, akazifuta vumbi moja moja, akashona zilizochanika kwa uzi wa dukani kwao. Kabati lilipakwa rangi ya kijani. Bahasha zikaning'inia, vibao vikachongwa. Na lilipokamilika, binti akafanya jambo ambalo Sikujua hakulitarajia: alimletea ufunguo. Akasema nota zimehifadhiwa na Mama Athanas miaka yote hiyo, hazina mtunzaji mwingine, yeye Khatija atabaki kupiga kinanda tu. Mtu mwingine angelainika. Sikujua aliupokea ufunguo akajisemea kwamba mjanja huyu anataka kumfanya mlinzi wa mali yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni penye kiini. Kati ya nyimbo zote zile ulikuwepo mmoja ambao haukutoka jalalani. Sikujua aliutunga mwenyewe, wimbo wa mavuno ya pamba, kwa sauti nne, na chini kabisa katika besi aliweka kipande alichokikumbuka cha ule wimbo wa mama yake ulioibwa. Alikuwa hajawahi kuuimbisha hadharani. Ndoto yake ilikuwa moja tu, na kwa umri wake haikuwa kubwa: asimame siku moja mbele ya umati, kwaya yake imuangalie mikono, na mtu atangaze kwamba wimbo huu ni wa Sikujua binti Mageni. Basi mwaka ule, Afisa Elimu alipotafuta wimbo wa lazima kwa mashindano ya kwaya, Mwalimu Ignas akampelekea maneno ya wimbo huo, aliyoyakuta kabatini. Afisa aliyasoma, akayapenda, akaamuru kila shule iuimbe. Kwaya itakayoshinda ingeimba siku ya Saba Saba mbele ya mkoa mzima, na mwalimu wake ndiye atakayeongoza.

Heshima hiyo! Sikujua alilia kwa furaha jikoni. Halafu machozi hayajakauka, akafikiri: kila shule. Yaani watoto wa Tinde watauimba. Watauazima, kwa kibao, kutoka kabati la kijani la binti Firoz. Na wakiuimba vizuri kuliko wake je? Akamwona mama yake amesimama peke yake penye vumbi.

Alichukua mkasi. Wimbo ulikuwa na kurasa nne, kila sauti ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa ameandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Alivikata vichwa vile, akabakiza jina la wimbo tu. Wajumbe wa shule walipokuja na vibao vyao, Tinde aliwapa sauti ya pili, Old Shinyanga ya kwanza, Usanda ya tatu, Samuye besi, kila mmoja akidhani kapewa wimbo mzima. Msumari mmoja ukabeba vibao vinne. Khatija alipoviona alifurahi, akauliza kumbe Mama amepata wasaa wa kunakili nakala zote hizo? Sikujua akasema mtu akitaka hakosi wasaa.

Mwalimu wa Samuye, masikini, alishangaa wimbo uliosifiwa namna ile unapanda na kushuka chini chini kama mtu aliyebeba gunia ngazi za ghala. Lakini nani angebishana na wimbo wa Afisa Elimu? Akafundisha alichopewa. Wa Tinde naye vivyo hivyo, na wenzao. Wakati huo Sikujua akiifundisha kwaya yake sauti zote nne kwa kichwa, Khatija kwenye kinanda, na ulikuwa unatoka, wallahi, mpaka walimu wa hesabu wakawa wanasimama mlangoni.

Siku ya mashindano ukumbi wa shule ulijaa. Utaratibu ulikuwa kwamba Khatija abonyeze do, ile ile kwa wote, kila shule ianzie hapo. Wenyeji wangeimba mwisho. Tinde wakapanda kwanza, wamepiga pasi mpaka kaptula zinakata. Khatija akawapa do. Wakaanza.

Khatija aliinua mikono kwenye kinanda. Aliijua sauti ile ya pili, alikuwa ameipiga kila jioni. Alijua kwamba peke yake haiendi popote, inangoja wenzake. Akageuka akamtazama Sikujua. Sikujua alikuwa anaweka kanga yake sawa. Wakaja Old Shinyanga na sauti ya kwanza, angalau wao walikuwa na kitu cha kushika. Wakaja Usanda, majaji wakaanza kunong'ona kwamba wimbo mmoja, maneno yale yale, na kila shule imepotea kwa njia yake. Wakaja Samuye na besi yao, na hapo ukumbi ukacheka waziwazi. Watoto wa Samuye waliimba mpaka mwisho macho chini. Tangu shule ya pili, Khatija hakugeuka tena kumtazama mtu.

Na Sikujua? Nisidanganye, alifurahi. Furaha ile kali ya mtu anayeona mwenzie anateleza pale alipomwaga maji. Ilibaki kwaya yake tu, na kwaya yake ilikuwa na wimbo mzima. Majaji wakaomba mapumziko wanywe chai kwanza. Akawapanga watoto wake ndani, Mwasiti mbele, akawaambia wasitoke wasije wakachafuka.

Nje, zile shule nne zilizochekwa zilikusanyika uani. Watoto ni watoto. Wa Tinde wakawaambia wa Samuye kwamba ninyi ndio mmetuharibia, mnauimba wimbo wetu kama ng'ombe walio kisimani. Wa Samuye wakajibu wimbo wetu ndio wenyewe, ninyi mmejitungia. Usanda wakaingilia. Kwingine pengine wangepigana. Hawa walikuwa watoto wa Wagika na Wagalu. Ugomvi wa wimbo kwao hauamuliwi kwa ngumi. Besi ya Samuye ikaanza kuimba kwa hasira, miguu inapiga chini, ili kuwazima Tinde. Tinde nao wakaanza wa kwao kwa nguvu kuwazima Samuye. Old Shinyanga na Usanda hawakukubali kubaki watazamaji. Do ya Khatija ilikuwa bado masikioni mwa wote. Mwanzoni zilikuwa kelele tupu. Halafu vishindo vya miguu vikapata mahali pamoja, na kelele zikaacha kuwa kelele.

Wimbo ulisimama pale uani, mzima. Watoto wenyewe ndio walioshtuka kwanza. Unawaona wanaimba huku wanatazamana. Kisha wakaanza kucheka huku wanaimba, na hapo ukawa mzuri kupita kiasi. Watu wakamwagika kutoka ukumbini, wauza karanga wakaacha sinia zao, majaji wakaja na vikombe mikononi. Sikujua alifika mlangoni akasimama. Kule chini, katika besi ya Samuye waliochekwa, alimsikia mama yake. Hakuna aliyekuwa anaongoza. Hakuna aliyemtazama yeye. Umati wote ulikuwa umekimbilia upande ule, naye yuko upande huu.

Wimbo ulipokwisha, Afisa Elimu alipanda kwenye benchi akiwa anapiga makofi. Alisema tangu aanze kazi hajaona ubunifu kama ule: shule nne kupewa kila moja sauti yake, zije zikamilike zikikutana! Akasema majaji hawakuelewa, na yeye hakuelewa, mpaka sasa. Akamshika Khatija bega, mwenye maktaba ya nota, akataka umati umshangilie.

Sikujua aliona sasa ndipo atakapokufa. Aibu na wivu vilimkaba pamoja asijue kipi ni kipi. Wimbo wake, sauti zake, hata uovu wake, vyote vinapewa yule binti!

Khatija aliinua mkono watu wanyamaze.

"Mpango wa kugawa sauti si wangu," alisema. "Ni wa Mama Athanas peke yake. Mimi sikuwa na habari nao hata kidogo. Na wimbo pia ni wake, Sikujua binti Mageni."

Umati ukageuka. Wakamshika mkono, wakamvuta, wakampandisha kwenye benchi. Wanawake wa Usanda waliolikumbuka jina la Mageni walipiga vigelegele mpaka wengine wakatoa machozi. Khatija alimsaidia kupanda, na alipokuwa karibu na sikio lake akasema taratibu, bila hasira, "Nimewaambia kweli yote, Mama. Nimebakiza sababu tu."

Afisa akatangaza hapo hapo kwamba hakuna haja ya kuendelea. Hizi shule nne ndizo zitakazoimba Saba Saba, na Mwalimu Sikujua ataziongoza. Ikumbukwe kwaya ya wenyeji ilikuwa bado ndani, imepangwa, haijachafuka. Mtu akamkumbusha Afisa. Akafikiri kidogo akasema sauti ni nne na zote zimeshapatikana. Wenyeji wametoa wimbo, hilo latosha, wawaachie wageni waimbe. Ni haki, watu wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Sikujua aliingia ukumbini. Watoto wake walikuwa wamesimama vile vile alivyowaacha. Walikuwa wameusikia wimbo wao wote dirishani.

"Mwalimu," Mwasiti aliuliza, "na sisi?"

Aliwaambia wavue sare wasije wakazikunja.

Saba Saba aliongoza. Alisimama mbele ya mkoa mzima, na jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti, na la mama yake. Alilipata alilolitaka, lote, halikupungua kitu. Kwaya yake ilikaa majanini na wazazi, ikapiga makofi kama wengine. Macho ya Sikujua yalikuwa kwa watoto wa Tinde na Samuye, masikio yake yalikuwa majanini.

Shule zilipofunguliwa alizibandika tena zile kurasa vichwa vyake kwa gundi, akaziweka nne zote bahasha moja, akampelekea Khatija ufunguo. Khatija alikataa kuupokea. Akasema Mama endelea kushika, kisha akaenda zake kupiga kinanda. Basi Sikujua akaenda karakana ya useremala akaomba achongewe kibao, akaandika jina lake mwenyewe, si la shule. Alikining'iniza kwenye msumari wa wimbo ule, pembeni ya bahasha. Utaratibu wa kabati ulikuwa huo: aliyechukua cha watu aache kibao chake. Hakukiondoa mpaka alipostaafu.

Wageni wengi walikiuliza kile kibao kina maana gani. Khatija, aliyepangusa vumbi kabati lile kila asubuhi, na kibao akakipangusa pamoja na vingine, hakuuliza hata siku moja. Na Sikujua, ambaye aliacha kumwonea wivu kwa kinanda, na kwa watoto, na kwa kila kitu kingine, hilo la kutouliza alimwonea wivu mpaka mwisho.